Msamiati wa utumwa, kifungo na utekaji katika Kihispania: jinsia na idadi ndizo zinazobeba sentensi

Maalim wa Shangani (mwanzishi wa uzi)

Assalaam aleykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na salamu kwa kila anayepita humu.

Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya wanaojifunza Kihispania kwa kazi ya kuongoza wageni, na kwa yeyote mwingine aliyeipenda lugha hiyo. Mgeni anayezungumza Kihispania, awe ametoka Hispania, Mexico au Argentina, akifika Mji Mkongwe hupelekwa Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, hupelekwa kisiwa cha Changuu chenye jengo la gereza, na akiwa na nafasi zaidi hufikishwa Mangapwani, kwenye chumba cha chini walimofichwa watu. Sehemu zote tatu zina habari za watu waliofungwa au waliokusudiwa kufungwa, kwa hivyo muongozaji hawezi kuzieleza bila ya msamiati wa utumwa, kifungo na utekaji. Wengi wetu tunaukariri msamiati huo katika orodha ya safu mbili: mateka ni "cautivo", mfungwa ni "preso", gereza ni "cárcel", mnyororo ni "cadena". Orodha ya namna hiyo inampa mwanafunzi majina bila ya kumpa sentensi, kwa sababu katika Kihispania kila nomino inakuja na jinsia yake na idadi yake, na maneno yanayoizunguka hulazimika kuifuata.

Nitaanza na maana, kwa kuwa aliyekosea maana hata akipatanisha maneno yake vizuri atakuwa amesema jambo lisilo la kweli. "Preso", au "presa" akiwa mwanamke, ni mtu aliyewekwa kifungoni na dola kwa sababu ya shitaka au hukumu. "Cautivo" ni mtu aliyechukuliwa na adui au na maharamia, akanyimwa uhuru wake kwa nguvu tu. "Prisionero" hutumika kwa mapana, lakini hulengwa zaidi askari aliyekamatwa vitani. "Rehén" ni anayezuiliwa ili mtu mwingine alazimike kutimiza sharti fulani, "secuestrado" ni aliyetekwa nyara, na "esclavo" ni aliyegeuzwa mali ya mwenzake. Maisha ya Miguel de Cervantes, mwandishi mashuhuri kuliko wote wa lugha hiyo, yanaonyesha vizuri mpaka uliopo baina ya maneno mawili ya mwanzo. Mwaka 1575 alikamatwa baharini akirejea Hispania kutoka Italia, akapelekwa Algiers, akakaa huko miaka mitano hadi watawa wa shirika la Utatu Mtakatifu walipomkomboa mwaka 1580 kwa escudo 500 za dhahabu. Kwa miaka ile Wahispania husema "estuvo cautivo en Argel". Mwaka 1597 mtu yuleyule aliwekwa ndani katika mji wa Sevilla kwa sababu ya hesabu za kodi alizokuwa akikusanya, na hapo husemwa "estuvo preso en Sevilla". Mtu ni mmoja na uhuru aliopoteza ni uleule, lakini aliyemnyang'anya uhuru huo si mmoja, na ndiyo maana neno limebadilika.

Watu waliouzwa Mkunazini hawakuwa "presos". Hakuna kadhi wala hakimu aliyewahukumu, na hakuna sheria waliyoivunja. Walikuwa "cautivos" tangu siku waliyotekwa bara, wakafanywa "esclavos" kwa kuuzwa. Nalisisitiza hili kwa uchungu wa dhati, kwa sababu muongozaji anayewaita "presos" anamfahamisha mgeni kwamba watu wale walikuwa wahalifu, na mgeni huyo ataondoka na dhana hiyo mpaka kwao.

Sasa tuje kwenye upatanisho. Tuitazame sentensi yetu: "Wafungwa wale wawili wagonjwa waliachiliwa." Kiambishi "wa-" kimejitokeza katika kila neno, na mtoto wa miaka mitano wa Makunduchi au Micheweni hakosei hapo. Kihispania kinasema: "Aquellos dos presos enfermos fueron liberados." Wakiwa wanawake tunapata: "Aquellas dos presas enfermas fueron liberadas." Maneno manne yamebadilika mwisho wake, na mawili hayakubadilika: "dos", ambalo halijui jinsia, na "fueron", kwa kuwa kitenzi huonyesha nafsi na idadi tu. Kiswahili kinapatanisha mwanzoni mwa neno na Kihispania mwishoni. Tunachokikosa sisi ni jinsia, kwani "wafungwa wale" wanaweza kuwa wanaume au wanawake mpaka tuseme wenyewe. Tulichonacho tayari ni ile tabia ya kubeba alama ya nomino hadi mwisho wa sentensi bila kuidondosha njiani, na tabia hiyo ndiyo inayowashinda wanafunzi wengi ambao lugha zao za kwanza hazina upatanisho wa vivumishi. Mswahili anaianza safari hii akiwa na mtaji.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni kujifunza kila nomino pamoja na kibainishi chake, yaani "el" ya kiume au "la" ya kike: "la cárcel", "la prisión", "la celda" kwa chumba cha mfungwa, "el calabozo" kwa korokoroni, "el grillete" kwa pingu ya mguuni, "la cadena", "el candado" kwa kufuli, "la jaula" kwa kizimba cha mnyama au tundu la ndege, "el rescate" kwa kikomboleo na pia kwa tendo la kuokoa. Mwisho wa neno husaidia mara nyingi. Yanayoishia "-dad", "-tud" na "-ción" ni ya kike: "la libertad", "la esclavitud", "la liberación". Yanayoishia "-miento" ni ya kiume, kama "el encarcelamiento". "Cárcel" haina alama yoyote mwishoni ya kukuambia kuwa ni ya kike, na aliyekariri "cárcel" tupu hataweza kusema "las cárceles oscuras" kwa uhakika.

Wingi nao una mambo yake ya alama ya mkazo. "Prisión" huwa "prisiones" na "rehén" huwa "rehenes", alama ikiondoka. "Cárcel" huwa "cárceles", alama ikibaki palepale. Na "joven", yaani kijana, huipata alama katika wingi: "jóvenes". Sababu ni moja kwa yote: sauti inayotiliwa mkazo haihami, na alama huandikwa au kuachwa kulingana na silabi zilizopo baada yake.

Karibuni mchangie na muulize.

Muongozaji wa Malindi

Aleykum salaam, Maalim. Ahsante kwa darsa hili, nimelihitaji muda mrefu.

Mimi huwasimamisha wageni Mkunazini mbele ya shimo lenye ule mchongo wa watu watano waliofungwa minyororo shingoni, uliotengenezwa na msanii wa Uswidi Clara Sörnäs mwaka 1998. Ndani ya shimo lile wamo wanaume na wanawake. Nimewasikia wenzangu wengine wakisema "cinco figuras encadenadas" na wengine "encadenados", kila mmoja akishikilia lake. Aidha, wapo wageni, hasa vijana, wanaopendelea nisiseme "esclavos" bali "personas esclavizadas". Je, nikitumia "personas" na nikawa nawazungumzia wanaume watupu, nirudi kwenye umbo la kiume?

Maalim wa Shangani

Swali lako la pili linajibu la kwanza, ndugu yangu.

"Figura" ni nomino ya kike. Ukiitaja, kivumishi kinaifuata yenyewe, hakiwafuati watu waliochongwa. Kwa hivyo "cinco figuras encadenadas" ndiyo sahihi hata kama zote tano zingekuwa za wanaume. Ukiiacha "figura" ukasema "cinco hombres y mujeres", hapo utasema "encadenados", kwa kuwa wanaume na wanawake wakichanganyika kivumishi cha pamoja huchukua umbo la kiume.

"Persona" ni vivyo hivyo. Ni ya kike daima, na mwanamume mwenye ndevu ni "una persona esclavizada". "Víctima" nayo haibadiliki: "la víctima, un pescador, fue liberada", yaani mwathirika, ambaye ni mvuvi wa kiume, aliachiliwa, na kitenzi kimesema "liberada" kwa sababu kimemfuata "víctima". Hapa ndipo sisi Waswahili tunapopaswa kuwa waangalifu kuliko pengine popote, kwa sababu lugha yetu inafanya kinyume. Sisi tunasema "kiongozi huyu amefika", hatusemi "kiongozi hiki kimefika". Tunasema "mateka huyu ameachiliwa", ingawa umbo la neno "mateka" linafanana na la wingi. Kiumbe mwenye uhai kwetu hulivuka umbo la neno na kudai upatanisho wake mwenyewe. Katika Kihispania neno likishakuwa la kike kwa watu wote, mtu aliyemo ndani yake hana uwezo wa kulibadilisha.

Nakubaliana na wageni wako kuhusu "personas esclavizadas". Msemo huo unatangulia kumtaja mtu, kisha unaeleza alichofanyiwa. Hata hivyo usione vibaya kusema "el mercado de esclavos" unapolitaja soko lenyewe, kwani ndivyo linavyojulikana kwa Kihispania.

Liko neno jingine la kuangaliwa: "gente". Maana yake ni watu, lakini kwa sarufi ni umoja na ni la kike. "La gente fue vendida aquí." Mswahili anayefikiri "watu waliuzwa" ataandika "fueron vendidos" bila kusita, na atakosea idadi na jinsia kwa pamoja.

Mwana wa Wete

Assalaam aleykum. Naomba niongeze jambo linalowahusu hasa wale tuliosoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu vyuoni kwetu huku Pemba.

Kwanza, habari ya jinsia si ngeni kwetu kama Maalim alivyoiweka. Aliyepita kwenye mudhakkar na muannath anajua tayari kwamba jina huwa la kiume au la kike, kwamba sifa hulifuata jina lake, na kwamba sifa hiyo huja baada ya jina. Sioni haja ya kuanza sifuri.

Pili, baadhi ya maneno ya msamiati huu ni jamaa zetu. "Rehén" limetoka katika Kiarabu cha Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, kwenye mzizi uleule wa rahn uliotupa sisi "rehani". Anayeiweka nyumba yake rehani anajua kwamba itashikiliwa mpaka deni lilipwe, na "rehén" ni binadamu aliyewekwa katika hali hiyo. "Mazmorra", yaani shimo au chumba cha chini ya ardhi cha kufungia watu, limetoka katika matmura, shimo la kuhifadhia nafaka. Wahispania waliishi na Waislamu katika nchi moja kwa karne nyingi, tangu mwaka 711 hadi kuanguka kwa Granada mwaka 1492, wakatekana na kukombolewana muda wote huo; si ajabu maneno yao ya kifungo yakawa na sauti tunayoitambua. Mashirika mazima ya watawa yalianzishwa kwa kazi ya kukomboa mateka: Watrinitari mwaka 1198, na Wamersedari huko Barcelona mwaka 1218.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike: Kiarabu kinasaidia, kisha kinaponza. Katika Kiarabu wingi wa vitu visivyo na akili hupewa sifa ya umoja wa kike. Magereza yenye giza ni "sujuun mudhlima", na "mudhlima" ni umoja. Nimewaona wenzangu wenye Kiarabu kizuri sana wakiandika "las cárceles oscura" na "las cadenas pesada", kwa sababu masikio yao yamezoea hivyo. Kihispania hakina kanuni hiyo. Kitu kikiwa kingi, sifa nayo ni nyingi: "las cárceles oscuras", "las cadenas pesadas". Vilevile jinsia ya neno la Kiarabu isihamishwe: "sijn" ni mudhakkar, "cárcel" ni ya kike.

Maalim wa Shangani

Maalim mwenzangu, nimefurahi mno. Hoja yako ya tatu inafaa kunakiliwa na kubandikwa ukutani katika kila darasa la Kihispania hapa visiwani.

Mfanyabiashara wa Darajani

Natoa maoni tofauti kwa heshima. Mimi nauza kanga na viungo, na nazungumza na Wahispania kila msimu. Sijawahi kumwona mteja aliyeshindwa kunielewa kwa sababu nimesema "o" badala ya "a". Nahisi mnawatisha vijana. Mtu akilijua neno, mgeni atamalizia mwenyewe.

Maalim wa Shangani

Ndugu yangu, katika bei ya kanga nakubali, kwa sababu kanga iko mbele yenu nyote wawili na kidole kinatosha kuionyesha. Historia ya watu waliofungwa haiko mbele ya macho ya mgeni. Anayo sentensi yako tu.

Chukua mfano huu: "Encontraron a la madre y al hijo encadenado." Maana yake ni kwamba walimkuta mama, na wakamkuta mtoto wake wa kiume akiwa amefungwa mnyororo. Mama hakufungwa. Ongeza herufi moja: "Encontraron a la madre y al hijo encadenados", na sasa wote wawili wamefungwa. Herufi "s" peke yake ndiyo iliyomtia mama minyororo au kumwacha huru. Mfano mwingine ni "liberaron a los presos" na "liberaron a las presas": wa pili unasema walioachiliwa ni wanawake watupu, na mgeni hatakuwa na jambo lolote la kumjulisha kwamba ulikusudia wote.

Tena "presa" likisimama kama nomino lina pia maana nyingine kabisa, mbali na mfungwa wa kike. Ni windo, na pia ni bwawa la kuzuia maji. Kutokana na maana ya windo umetoka msemo "ser presa de", yaani kushikwa na hofu au hisia nyingine kali. Husemwa "los hombres fueron presa del pánico", wanaume walishikwa na kiwewe, na hapo "presa" inabaki ya kike na ya umoja kwa sababu si sifa inayowafuata wanaume. Anayedhani anasahihisha kwa kusema "fueron presos" amewapeleka gerezani.

Vijana hawatishwi na jambo hili wakifundishwa kwa sentensi. Wanatishwa na orodha.

Bint Mkoani

Shikamoo Maalim. Mimi nasomea sheria na nina maswali mawili.

La kwanza: nimejifunza kwamba neno lenye "-ado" hufuata jinsia, kisha nikakutana na sentensi "han liberado a las presas", ambapo "liberado" haikufuata chochote. Ni kosa la mwandishi?

La pili: kwetu tunatofautisha mahabusu, ambaye kesi yake haijaamuliwa, na mfungwa aliyehukumiwa. Kihispania kina tofauti hiyo? Na je, nitafsiri vipi "Chuo cha Mafunzo"?

Maalim wa Shangani

Marahaba mwanangu.

Sentensi uliyoiona ni sahihi. Umbo la "-ado" au "-ido" likifuata kitenzi kisaidizi "haber" haligeuki kamwe: "han liberado a los presos", "han liberado a las presas", "hemos encontrado las llaves". Likija na "ser" katika kauli ya kutendwa, au na "estar" katika kueleza hali, hupatana na kiima chake: "las presas fueron liberadas", "las presas están encerradas". Vikikutana vyote viwili, "las presas han sido liberadas", "sido" halibadiliki kwa kuwa limeshikwa na "haber", na "liberadas" hubadilika kwa kuwa limeshikwa na "ser". Itazame sentensi hiyo kwa utulivu kabla ya kuendelea, maana kanuni zote mbili zimo humo.

Zingatia pia ile "a" iliyotangulia "las presas". Mtendwa akiwa binadamu anayejulikana, Kihispania humtanguliza na "a", na kitu hakitangulizwi nayo: "capturaron a los marineros", lakini "rompieron las cadenas". Ukitaka kutumia kiwakilishi, utasema "las han liberado", na "las" hiyo inakaa kabla ya kitenzi kama kiambishi chetu cha mtendwa katika "wamewaachilia", isipokuwa yao inaonyesha jinsia. "Les pusieron cadenas", waliwatia minyororo, haionyeshi jinsia, kwa sababu "les" ni ya mtendewa.

Kuhusu mahabusu: aliyekamatwa na yuko mikononi mwa polisi ni "detenido" au "detenida". Aliyepelekwa rumande na mahakama akisubiri kesi yuko katika "prisión preventiva", na mwenyewe huitwa "preso preventivo" au "presa preventiva". Angalia kwamba maneno yote mawili yamebadilika. Aliyekwisha kuhukumiwa ni "condenado" au "condenada", na anayetumikia kifungo huitwa pia "recluso" au "reclusa". Sifa "culpable" na "inocente" hazina jinsia, zinajua wingi tu: "las detenidas son inocentes". "Libre" ni hivyo pia, "libres" katika wingi. Sisi tunalo "huru", ambalo halibadiliki hata kidogo, iwe mtu huru au watu huru, kwa hivyo jihadhari usiisahau ile "s".

"Chuo cha Mafunzo" ndilo jina rasmi la gereza hapa Zanzibar, lakini ukilitafsiri neno kwa neno, msomaji wa Kihispania atadhani ni skuli ya ufundi. Andika "centro penitenciario" katika waraka wa kisheria, na "cárcel" katika mazungumzo.

Bint Mkoani

Ahsante sana Maalim. Pingu nimeona zinaitwa "esposas", na kamusi inasema "esposa" ni mke. Ni neno moja?

Maalim wa Shangani

Ni neno moja. Kwa maana ya pingu hutumika karibu daima katika wingi, "las esposas", na kitenzi chake ni "esposar". Aliyetiwa pingu ni "esposado" au "esposada", "esposados" au "esposadas". Mazingira ya sentensi hayaachi shaka.

Nahodha wa Changuu

Nami huwavusha wageni kwenda Changuu, na maswali yao ni mawili tu: gereza na kobe. Juu ya gereza huwa nawaeleza: "La cárcel de Changuu, construida en 1893, nunca tuvo presos." Jengo lilijengwa wakati wa Lloyd Mathews, waziri mkuu wa serikali ya Sultani, likakusudiwa wafungwa, lakini kilichokuja kuwekwa kisiwani ni karantini ya wasafiri. Juu ya kobe nababaika. Dume nimwite "el tortugo"?

Maalim wa Shangani

Sentensi yako ya gereza ni nzuri, na "construida" umeipatanisha ipasavyo na "cárcel". Wale wasafiri nao usiwaite "presos"; waite "pasajeros aislados en cuarentena".

Kobe ni "tortuga", ya kike kwa dume na jike. Dume ni "una tortuga macho" na jike ni "una tortuga hembra", na sifa hubaki ya kike: "la tortuga macho está dormida". "Gigante" haina jinsia: "las tortugas gigantes". Kwa wanyama wanaofugwa ndani ya uzio husemwa "en cautividad", na Wamarekani Kusini husema zaidi "en cautiverio". La kwanza ni la kike na la pili la kiume. Kwa binadamu waliotekwa, "cautiverio" ndilo linalosikika zaidi kila mahali. Kima punju wa Jozani wao wako "en libertad".

Kwa kuwa tumefika kwa wanyama, lipo jambo la "ave", ndege. Ni neno la kike, lakini kwa kuwa linaanza na "a" yenye mkazo huchukua "el" katika umoja: "el ave cautiva", "las aves cautivas". Sifa haidanganyiki na "el" hiyo. "Alma", roho, huenda vivyo hivyo: "el alma cautiva".

Mwana wa Wete

Tusisahau hesabu, kwa sababu waongozaji hupenda kutaja idadi. Kwetu watu huwa wawili, watatu, wanne, watano na wanane, lakini sita, saba, tisa na kumi havipokei kiambishi. Kihispania nacho kina namba zinazopatana na zisizopatana, ila mgawanyo wake ni mwingine: namba moja na mamia, kuanzia mia mbili, ndiyo yanayojua jinsia. "Veintiún cautivos" na "veintiuna cautivas". "Doscientos hombres" na "doscientas mujeres". "Mil" halina jinsia, lakini mamia yanayolifuata yanayo: "mil quinientas mujeres".

Muongozaji wa Malindi

Maalim, nimeandika maelezo mafupi ya kuwasomea wageni Mkunazini. Naomba uyapitie.

"En este lugar estuvo hasta 1873 el mercado de esclavos de Zanzíbar. La gente capturados en el interior llegaban encadenados a la costa y cruzaban el mar en barcos. Los hombres, las mujeres y los niños eran vendidas aquí, separados unos de otros. Las cinco figuras, esculpidas en 1998, llevan cadenas al cuello."

Maalim wa Shangani

Sentensi ya kwanza na ya mwisho usiziguse. Ya pili imevutwa na "watu" wa Kiswahili. "Gente" ni umoja wa kike, na vitenzi vyake vyote pamoja na sifa zake vinamfuata: "La gente capturada en el interior llegaba encadenada a la costa y cruzaba el mar en barcos." Kama unapenda kubaki na wingi, badilisha nomino yenyewe: "Las personas capturadas en el interior llegaban encadenadas a la costa y cruzaban el mar en barcos." Mimi nachagua hii ya pili, kwa sababu inamfanya msikilizaji awaone watu mmoja mmoja.

Katika sentensi ya tatu "vendidas" imewafuata "las mujeres" waliotajwa katikati, lakini kiima ni wote watatu, na wamo wanaume. Iwe "eran vendidos aquí, separados unos de otros". Ukiwazungumzia akina mama peke yao, kila kitu kinageuka hadi neno la mwisho: "Las mujeres eran vendidas aquí, separadas unas de otras."

Ukienda na wageni Mangapwani, chumba kile cha chini kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, ambamo watu walifichwa biashara ilipokuwa imeshapigwa marufuku, kiite "una cámara subterránea excavada en la piedra coralina", na waliofichwa humo waite "las personas escondidas". Andika maelezo yake kwa namna hiyo, uyaweke hapa, tuyapitie pamoja.